Ubovu wa gari unapogeuka maradhi ya familia

Safu hii imezoea kuzungumzia maji ya kunywa, vyoo, chakula cha watoto na usafi wa jikoni. Leo tunatoka nje ya mlango hadi pale gari lilipoegeshwa, kwa sababu katika nyumba nyingi gari sasa ni sehemu ya nyumba. Ndilo linalompeleka mama mjamzito kliniki, watoto shule na madrasa, na ndilo linalobeba watu saba au nane kwenda harusini Bagamoyo au mazikoni Tanga. Mtu akiwa nalo, hata likiwa chakavu, majirani humgongea mlango usiku wa manane wakiomba wapelekewe mgonjwa hospitali.

Gari hilo linapoanza kusumbua, swali la kwanza la wengi wetu ni, "Fundi, itanigharimu shilingi ngapi?" Ni swali la haki, kwani spea ni ghali. Lakini lipo swali linalopaswa kulitangulia: ubovu huu unamfanya nini mtu aliyekaa ndani? Ubovu mmoja unaweza kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, na mwingine haufai kusubiri hata kesho asubuhi. Bahati mbaya ni kwamba ule usiofaa kusubiri mara nyingi haupigi kelele.

Moshi unaoingia ndani

Tuanze na huo usiopiga kelele. Injini inapounguza petroli, sehemu ya mafuta haiungui sawasawa, na hapo hutoka hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ukiivuta hujishika kwenye chembe nyekundu za damu mahali pa oksijeni, na hujishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaweza kuwa anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, na huku ubongo na moyo wake vinakosa oksijeni.

Wengine husema, "Mimi nikisikia harufu ya moshi nafungua kioo." Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vinavyofuatana na hewa hiyo. Kwa hiyo ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari, jua kwamba na ile isiyonuka ipo. Lakini usipoisikia harufu, hiyo si dalili kwamba uko salama. Pua huzoea, na aliyekaa kwenye moshi nusu saa hausikii tena.

Dalili zake ndizo zinazowapoteza watu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, kisha usingizi. Mzazi huona mtoto amelala kiti cha nyuma akafurahi kwamba safari itakuwa na utulivu. Mwingine husema mtoto huyu magari hayampendi, kila safari anatapika. Mwingine hukimbilia kupima malaria. Kipimo chepesi ni hiki: angalia kama dalili zinaanza mkiwa ndani na kupungua baada ya kushuka, na kama zimewapata zaidi ya mmoja. Malaria haiwapati watu wanne kwa pamoja kati ya Ubungo na Kibaha, ikawaacha mara wanaposhuka.

Watoto hudhurika mapema kuliko wakubwa kwa sababu hupumua haraka zaidi. Ama kwa mama mjamzito, hewa hiyo huvuka kondo la nyuma na kuingia katika damu ya kichanga, na damu ya kichanga huishika zaidi na kuiachia polepole kuliko ya mama. Mama anaweza kushuka akajisikia nafuu na mtoto aliye tumboni bado yumo taabani.

Hewa hiyo inaingiaje? Moshi wa injini hupita kwenye mabomba yaliyounganishwa kwa gasketi, ukafika kwenye sailensa, kisha ukatoka nyuma. Kiungo kimoja kikilegea au bomba likitobolewa na kutu, moshi hutokea chini ya miguu yenu badala ya nyuma ya gari. Sisi wa pwani tuna shida ya ziada, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma haraka. Magari ya aina ya Noah ya zamani na Hiace yenye injini chini ya viti vya mbele yanahitaji uangalifu zaidi: fundi akimaliza kazi na asikirudishe sawasawa kile kifuniko cha injini pamoja na raba yake, dereva na aliyekaa kando yake wanakuwa wamekalia bomba la moshi. Tazama pia tundu za sakafuni zilizochakaa na raba ya mlango wa nyuma.

Hapo kwenye mlango wa nyuma pana kosa linalofanywa kila siku ya kuhama nyumba. Mtu anapakia godoro au kabati, mlango haufungi, anaufunga kwa kamba ukiwa nusu wazi na kuondoka. Gari likienda, hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi ndani, na moshi hufuata njia hiyo hiyo. Vioo vya nyuma vikiwa wazi na vya mbele vimefungwa hali huzidi kuwa mbaya. Mzigo wa namna hiyo ukodishie pikapu. Kama hapana budi na ni mwendo mfupi, shusha vioo vyote vya mbele, washa feni ikiwa kwenye kuingiza hewa ya nje, na watoto wasiwemo.

Kujua kama kuna uvujaji si kazi kubwa. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, mtu mmoja awashe na mwingine asimame kando na boneti likiwa wazi asikilize. Penye uvujaji husikika mpigo wa pu-pu-pu unaofuata mwendo wa injini, na mara nyingi pana masizi meusi kwenye kiungo. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake kwa sababu yoyote ile. Ukishaona, mpelekee fundi wa kuchomelea. Kiraka cha bati la kopo na waya, ambacho wengi wetu tumekiona, huenda kikapunguza sauti kwa siku chache bila kuziba tundu.

Yapo pia yale yanayoitwa masega. Ni chombo kilichomo kwenye bomba la moshi, ndani yake mna matundu madogo madogo yaliyopakwa madini ya platini, paladi na rodi. Kazi yake ni kuigeuza ile hewa ya sumu kuwa kaboni dioksaidi kabla haijatoka. Kwa kuwa madini hayo yana bei, wapo wanaomshawishi mwenye gari ayauze, wakimwambia yanaziba pumzi ya injini na kwamba gari litakuwa jepesi. Ni kweli masega yaliyoziba hulifanya gari kuwa zito. Dawa yake ni kutafuta kilichoyaziba, ambacho mara nyingi ni injini inayounguza oili au plagi mbovu. Gari lisilo na masega hutoa sumu nyingi zaidi, na hapo tundu dogo la kwenye bomba linakuwa na hatari kubwa zaidi.

Aidha kuna desturi ya kuliwasha gari baada ya sala ya Alfajiri, likaachwa linanguruma chini ya dirisha la chumba cha watoto, au ndani ya banda lililoshikana na nyumba, huku mwenyewe anakunywa chai. Injini za sasa hazihitaji hivyo. Nusu dakika inatosha, kisha ondoka taratibu. Kufungua mlango wa banda hakutoshi, gari litolewe nje kabisa. Na jenereta inayowekwa barazani umeme ukikatika hutoa sumu hiyo hiyo.

Mtu akizidiwa, mtoeni kwenye hewa safi, zimeni injini, mpelekeni hospitali haraka. Msimpe maziwa mkidhani yanaua sumu hii, kwani haimo tumboni. Mwambieni daktari kwamba alikuwa kwenye moshi wa gari, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni huweza kudanganywa na hewa hii kikaonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Kipimo chake ni cha damu.

Rangi ya moshi

Watu huuliza sana kuhusu moshi wa nyuma. Asubuhi ya baridi, hasa Lushoto au Njombe, mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni maji tu. Moshi mweupe mzito usioisha, wenye harufu ya utamutamu, ni dalili kwamba maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Wa buluu ni oili inayoungua, ringi au sili za valvu zimechoka. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: anza na chujio la hewa, ambalo kwa wanaopita barabara za vumbi huziba mapema mno, kisha nozeli.

Mafuta machafu nayo huleta matatizo ya moshi na injini kugonga. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji uliokuwa umezidi, hasa wa mafuta ya taa. Bado ni busara kuweka mafuta kwenye kituo unachokijua na kutunza risiti.

Wenye magari ya dizeli wajue kwamba mwaka 2012 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Kumweka mtoto nyuma ya daladala inayotema moshi mweusi na kumwambia ageuze uso ni kumlinda nusu tu. Msogezeni.

Likichemsha

Foleni ya Mbagala saa nane mchana, mlima Kitonga kwa wanaokwenda Iringa, Sekenke kwa wanaotoka Singida kwenda Igunga: hapo ndipo mshale wa joto hupanda na mvuke kufuka kwenye boneti. Gari lililochemsha huumiza watu zaidi linapokuwa limesimama kuliko lilipokuwa likienda, kwa sababu ya mfuniko wa rejeta.

Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100. Ndani ya rejeta mfuniko huyabana, hata yakaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Anayeufungua huo mfuniko ameondoa kile kilichokuwa kinayabana, na maji yale yote yanataka kuwa mvuke kwa mara moja. Yanaruka juu, na aliyeinama kuyatazama anayapokea usoni na kifuani. Kitambaa kilichokunjwa mara mbili hakizuii chochote.

Kwa hiyo ukiona mshale umepanda, zima kiyoyozi, sogea pembeni, zima injini, na washushe watu wakae mbali na upande wa barabara. Usifungue boneti mpaka mvuke upungue. Subiri nusu saa na zaidi, mpaka mpira mkubwa wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza na ukibonyea. Hapo ndipo uuzungushe mfuniko kidogo kidogo. Wala usimwage maji ya baridi juu ya injini yenye moto, silinda hedi itapasuka na utakuwa umelipa mara mbili.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida, kwa dakika 20. Njiani tumieni maji yenu ya kunywa, myamimine polepole. Vueni pete na bangili kabla ya kuvimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iacheni. Dawa ya meno, ute wa yai, unga na mafuta ya taa havipozi, na kazi ya kwanza ya muuguzi huwa kuvikwangua. Funikeni kwa kitambaa safi mkamwone daktari, hasa kama ni uso, mikono au mtoto.

Sababu za kuchemsha ni nyingi lakini chache ndizo za kila siku: mpira uliopasuka, feni isiyozunguka, feni belti iliyokatika, rejeta iliyoziba. Mafundi wengine huitoa themostati na kuitupa wakisema nchi yetu ni ya joto na haihitajiki. Hilo huficha ubovu halisi na kuifanya injini iende bila kufikia joto lake, ikila mafuta na kutoa moshi zaidi. Na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ndiyo yanayopatikana mitaa mingi ya Dar es Salaam, huijaza rejeta kutu na magamba. Tia maji maalumu ya rejeta yale ya rangi.

Hayo ya rangi, hata hivyo, yana hatari yake, na hapa tunawaomba akina mama na akina baba wasikilize. Ni ya kijani au mekundu, yanafanana na sharubati, na ladha yake ni tamu. Mengi yametengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni sumu. Mtoto akiyanywa mwanzoni huonekana kama mtu aliyelewa, kisha moyo na upumuaji huharibika, kisha figo. Ipo dawa hospitalini, lakini inafaa ikiwahi. Msiyaweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Yakimwagika uani yaoshwe kwa maji mengi, kwani hata paka huyaramba.

Kunyonya petroli kwa mdomo

Gari limeishiwa mafuta, jirani anajitolea, mpira unaingizwa kwenye tangi na mtu ananyonya. Karibu kila mtu ameona, na kwa sababu aliyenyonya kwa kawaida hutema mate na kucheka, tunadhani hakuna neno. Petroli ni nyepesi sana. Haina haja ya kumezwa sana, tone linaloteleza kwenye njia ya hewa hutandaa kwenye mapafu na kuyaunguza. Mtu hukohoa, akapata nafuu, na baada ya saa chache homa na kubanwa kifua vinaanza.

Aliyemeza petroli, au mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, asitapishwe. Kutapika ni kuipitisha petroli mara ya pili mbele ya mlango wa mapafu. Wala maziwa hayasaidii, huchochea kutapika tu. Vueni nguo zilizolowa, osheni ngozi kwa sabuni, nendeni hospitali hata kama anaongea vizuri, maana aliyekohoa anapaswa kuangaliwa kwa saa kadhaa. Pampu ndogo ya mkono inauzwa dukani.

Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji na kutafuta moto ulipo, iwe ni jiko la mkaa au kiberiti. Agosti 10, 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakakimbilia na madumu. Lilipolipuka walikufa watu zaidi ya 100. Dumu la lita tano lililowekwa chini ya kitanda "kwa dharura" ni jambo lile lile kwa kipimo kidogo. Na ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, usiliwashe kwanza ndipo uangalie, angalia kwanza.

Betri

Ukizungusha ufunguo ukasikia tak-tak-tak na taa zinafifia, betri imekwisha au vibano vyake vimelegea. Taa zikiwa kali na injini kimya, tafuta kwenye stata. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vibano huoshwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, ukiwa umevaa glavu na umekinga macho. Unga huo usipulizwe kwa mdomo.

Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, hewa inayolipuka, kwa hiyo asiwepo mwenye sigara wala wa kumulika kwa kiberiti. Wanaobusti wafuate utaratibu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Cheche ya mwisho ndiyo inayolipua, ndiyo maana huwekwa mbali. Tindikali ikiingia jichoni, oshani kwa maji mengi papo hapo dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Msianze kutafuta gari la kwenda hospitali kabla ya maji.

Ndani ya betri mna risasi, yaani madini yale, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Zamani risasi ilikuwa ikitiwa hata kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha mwishoni mwa 2005, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Lakini betri bado zipo. Kule Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathirika na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa ubavuni mwao. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024. Sasa mtu anayevunja betri uani ili auze risasi kwa kilo, au ayeyushe vizito vya nyavu za uvuvi kwenye sufuria kuukuu, amefungua kiwanda kama kile nyumbani kwake. Betri iliyokufa irudishwe nzima kwa muuzaji.

Breki, tairi na vioo

Hapa tutapita upesi kwa kuwa mengi yanajulikana. Breki zinazolia chuma kwa chuma zimemaliza pedi. Pedali inayozama polepole ukiikanyaga ni uvujaji, na hilo halisubiri. Wapo wanaoongezea oili ya injini au maji ya sabuni kwenye kikopo cha breki ili wafike. Oili huvimbisha raba zote za breki, na hutafika mbali. Mafuta yake hunyonya unyevu wa hewani, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Ukishuka Kitonga weka gia ndogo tangu juu. Vumbi la breki lisipulizwe, kwani baadhi ya pedi na shuu bado zina asbesto. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa.

Tairi lina umri hata kama kashata zake hazijaisha. Tafuta ubavuni herufi DOT, tazama tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wazalishaji wengi huhesabu miaka 10 kuwa mwisho. Ukiuziwa tairi la mtumba linalong'aa kwa rangi nyeusi, inama usome hizo namba kabla ya kutoa fedha. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa la baridi.

Kiyoyozi kinachonuka kama soksi kina ukungu. Mwenye pumu ndani ya nyumba huwa wa kwanza kukijua. Magari mengi ya Kijapani yana chujio nyuma ya kijidroo cha mbele ya abiria, na wenye magari wengi hawajawahi kulitoa tangu gari lishushwe bandarini. Lakini kubwa kuliko hilo ni kumwacha mtoto ndani ya gari lililofungwa ili "uingie dukani mara moja". Juani joto la ndani hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi sana.

Mikono ya fundi

Tumalizie na wale wanaotutengenezea. Pita gereji yoyote wakati wa Adhuhuri utaona vijana wananawa mikono kwa petroli ili grisi itoke wapate kutawadha. Nia ni njema, kwani grisi nene huzuia maji kufika kwenye ngozi. Lakini petroli ina benzini, ambayo hupenya ngozini na huharibu damu, na hukausha mikono ikapasuka. Oili chafu iliyotoka kwenye injini nayo imo katika vitu vinavyohofiwa kuleta saratani ya ngozi. Njia nzuri ni kupaka mafuta ya kupikia mikononi, kuyasugua mpaka grisi ilainike, kupangusa kwa kitambaa, kisha sabuni ya unga iliyochanganywa na sukari kidogo au unga laini wa mbao. Grisi hutoka, na ngozi hubaki. Anayepaka vazelini kabla ya kuanza kazi hupata wepesi zaidi jioni.

Nguo za gereji zifuliwe peke yake, si kwenye beseni moja na za watoto, na baba akirudi anawe na abadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Oili iliyomwagwa wakati wa servisi, ambayo kwa gari dogo ni kama lita nne, ikusanywe kwenye dumu lake la zamani irudi kwa wanaoikusanya. Isimwagwe mtaroni, wala isipakwe kwenye vidonda au upele wa mtu au wa mbuzi.

Wasomaji wetu wengi wanatumia bodaboda na bajaji, na huko kuna mambo yake ya kifua, macho na mgongo. Tutayaangalia katika toleo lijalo, inshaallah.